Shajara ya Mradi: Kiti Mwendo cha Umeme kwa Barabara za Mchanga, Tanga

Februari: masharti ya kazi

Karakana yetu iko Ngamiani, mjini Tanga, katikati ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, na kazi yake ya kila siku ni kuchomelea fremu za baiskeli, mageti na matoroli. Mradi unaoandikwa humu ni wa kutengeneza kiti mwendo cha umeme ambacho mtumiaji wake anaweza kukiendesha peke yake kutoka nyumbani hadi sokoni, akipita kwenye lami, changarawe na mchanga, na ambacho kikiharibika, fundi wa baiskeli au wa bajaji wa mtaa wowote ataweza kukitengeneza kwa vipuri anavyovijua. Mtumiaji wa kwanza ni mama mmoja fundi cherehani, ambaye kwa miaka mingi ametumia baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono mpaka mabega yake yakaanza kumsumbua. Kwa makubaliano naye, jina lake halitatajwa.

Sharti la kwanza tuliloliandika ukutani ni hili: kiti kipande mwinuko wa 1 kwa 12 juu ya changarawe, kisimame katikati ya mwinuko huo bila kurudi nyuma hata kidogo, kisha kiondoke tena taratibu. Mwinuko wa 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za mlalo, ndio unaotumika katika kanuni nyingi za ujenzi wa njia za viti mwendo, na ni sawa na nyuzi 4.8 hivi. Kasi ya juu tumeiwekea kikomo cha kilomita 6 kwa saa, ambayo ni mwendo wa mtu anayetembea haraka. Watu wanaopita karakanani huuliza kwanza kiti kitakimbia kiasi gani. Kwetu sisi swali hilo ni la mwisho, kwa sababu mota yoyote ya baiskeli ya umeme inaweza kukimbiza kiti kwenye lami, ilhali ni chache zinazoweza kukitembeza polepole kwenye mchanga kwa dakika kumi bila kuungua.

Uzito wa kupigia hesabu ni kilo 130: mtumiaji 75, kiti pamoja na mota na betri 45, na mzigo wa kilo 10, maana mama huyu hubeba vitambaa vya wateja.

Machi: kuvuta mbele au kusukuma nyuma

Tangu mwanzo tulipanga kulinganisha miundo miwili kabla ya kununua chochote cha bei kubwa. Wa kwanza ni ule wa kufunga gurudumu moja lenye mota mbele ya kiti cha kawaida, hivi kwamba vigurudumu vya mbele vinainuka na kiti kinageuka kuwa chombo cha magurudumu matatu. Mfano wake unaojulikana sana ni NeoBolt wa kampuni ya NeoMotion, iliyozaliwa katika chuo cha IIT Madras nchini India. Muundo huo una uzuri wake, kwani mtumiaji akifika ndani anauchomoa na kubaki na kiti chepesi, na gurudumu kubwa la mbele hupita juu ya mashimo ambayo vigurudumu vidogo vingekwama. Muundo wa pili ni wa mota mbili nyuma, moja kwa kila gurudumu, huku kiti kikigeuzwa kwa kutofautisha mwendo wa mota hizo. Huu umo katika ukoo wa viti vya umeme tangu George Klein wa Baraza la Utafiti la Taifa la Kanada alipobuni kiti chake kwa ajili ya askari waliopooza katika Vita vya Pili vya Dunia.

Hesabu iliyoamua ni ya msuguano. Kilo 130 zina uzito wa nyutoni 1,275. Katika mwinuko wa 1 kwa 12, nyutoni 106 zinahitajika kushinda mwinuko peke yake, na kwenye changarawe tuliongeza nyutoni 51 za ukinzani wa kubingirika, jumla 157. Gurudumu la mbele la muundo wa kwanza hubeba takribani robo ya uzito, yaani nyutoni 319. Ikiwa kigezo cha msuguano kwenye changarawe legevu ni 0.35, gurudumu hilo haliwezi kuvuta zaidi ya nyutoni 112 kabla ya kuanza kuteleza, hata mota ikiwa na nguvu za trekta. Kibaya zaidi, kiti kinapopanda, uzito huhamia nyuma na kulipunguzia gurudumu la mbele hata hicho kidogo lilichokuwa nacho. Magurudumu ya nyuma, yanayobeba asilimia 70 ya uzito, yanaweza kusukuma kwa nyutoni 312 mahali hapohapo.

Tulifunga gurudumu la mbele la majaribio na kulipeleka kwenye tuta la changarawe karibu na reli, na likafanya kama karatasi ilivyosema: lilizunguka, likachimba, likarusha vijiwe. Kwenye lami kavu muundo huohuo ulipanda bila taabu. Hivyo hatukuukataa, tumeuweka kando kwa ajili ya mtu anayeishi na kufanya kazi kwenye lami. Kwa mama wa cherehani, ambaye mtaa wake hauna lami, tunaendelea na mota za nyuma.

Aprili: mota, na sababu ya kuacha zile za baiskeli

Mota za ndani ya gurudumu, zile zinazouzwa kwa ajili ya baiskeli za umeme, zinavutia kwa sababu hazina mnyororo wala gia za nje. Tulizipigia hesabu kwa uaminifu. Katika gurudumu la inchi 24, nyutoni 157 zinahitaji nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 48, yaani 24 kwa kila upande. Mota ya volti 24 iliyosukwa kwa ajili ya kilomita 25 kwa saa hutoa karibu nyutoni-mita 1 kwa kila ampea, kwa hiyo itavuta ampea 24. Kama ukinzani wa nyaya zake ni omu 0.2, wati 115 zitageuka joto ndani ya mota, wakati kazi halisi ya kusukuma kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde ni wati 78 tu kwa kila upande. Chombo kinachotoa joto kuliko kazi ni pasi. Mota za aina hiyo zenye gia ndani yake zina nafuu ya joto, lakini nyingi zina friwili: zinasukuma mbele tu, haziwezi kurudi kinyumenyume wala kushika kiti kisiteremke, na kwa kiti mwendo hilo linamaliza mjadala.

Tumechagua mota za kiti mwendo zenyewe, za volti 24 na kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), zenye sanduku la gia na breki ya sumaku nyuma yake. Zinapatikana kwa njia ya kusikitisha. Viti vya umeme huletwa nchini kama msaada, betri zake za risasi zikikaa miezi mingi bila chaji hadi sahani zake zikafunikwa na salfeti, na kwa kuwa betri mpya ni ghali, kiti kizima hutupwa stoo kikiwa na mota nzima kabisa. Tulipata jozi mbili kutoka kwenye viti vya namna hiyo. Zilifunguliwa, beringi zikabadilishwa, grisi ngumu ikaoshwa kwa mafuta ya taa, na badala ya kaboni zilizoisha zikachongwa mpya na fundi wa starta za magari wa hapa jirani, ambaye alizitazama, akacheka, akasema hizi ni starta zilizovaa suti.

Magurudumu ya inchi 12 yaliyokuja na mota hizo ni membamba na yanazama. Badala yake tumefunga matairi ya bajaji, saizi 4.00-8, yenye nusu kipenyo cha karibu sentimita 20 na upana wa sentimita 10. Faida ni tatu kwa mpigo mmoja: nusu kipenyo kidogo kuliko cha gurudumu la inchi 24 kinashusha mahitaji ya nguvu ya kuzungusha hadi nyutoni-mita 16 kwa upande, upana unakifanya kiti kielee juu ya mchanga, na pancha inazibwa popote penye kijiwe cha bajaji. Rimu za spoki hatukuzifikiria kabisa, kwa kuwa baiskeli hulala inapokata kona na spoki hubeba mzigo wima, wakati kiti mwendo hakilali na mzigo wote wa ubavu huangukia spoki hizo. Upepo tunaujaza nusu ya ule wa bajaji. Kiti kimekuwa kizito zaidi, na mama alipokiona alisema kinafanana na toroli la saruji, jambo ambalo hatukuwa na hoja ya kulipinga.

Vigurudumu vya mbele vilihitaji kazi ya peke yake. Kigurudumu chembamba huzama mchangani kama kisu, kiti husimama ghafla na mtu akaenda mbele. Wabunifu wa viti vya kusukuma kwa mikono walishalifanyia kazi jambo hili kwa miongo kadhaa. Shirika la Motivation la Uingereza lina kiti cha magurudumu matatu kilichorefushwa mbele, na Ralf Hotchkiss wa shirika la Whirlwind, mhandisi ambaye mwenyewe hutumia kiti mwendo, ametumia katika kiti cha RoughRider kigurudumu kipana cha mpira mzito kilichobuniwa Zimbabwe na kujulikana kwa jina la nchi hiyo. Tumeiga mambo yote mawili: tumerefusha umbali kati ya ekseli ya nyuma na vigurudumu vya mbele hadi sentimita 65, na tumechonga mpira mpana kutoka kwenye tairi kuukuu la lori, ukabanwa kwa sahani mbili za chuma. Ubaya wake ni kwamba kiti kirefu kinahitaji nafasi kubwa ya kugeukia.

Mei: kusimama

Masika ilikata majaribio ya nje, na mwezi mzima ulikwenda kwenye breki. Breki ya sumaku iliyo nyuma ya mota hufanya kazi kinyume na breki ya baiskeli: springi hubana kisahani muda wote, na umeme ndio unaokiachia. Umeme ukikatika, waya ukichomoka, fyuzi ikiungua, breki inashika yenyewe. Kuna pia kishikio cha mkono cha kuiachia pale kiti kinapotakiwa kusukumwa na mtu, na hapo kidhibiti, yaani bodi inayogawa umeme kwa mota, lazima kikatae kuendesha mota mpaka kishikio kirudishwe. Tumeweka swichi ndogo chini yake kwa kazi hiyo. Fundi mmoja alipendekeza tuunganishe breki moja kwa moja na swichi kuu ili kupunguza nyaya. Tulikataa, kwa kuwa breki ingekuwa wazi muda wote kiti kimewashwa, hata mota ikiwa haipati umeme.

Hata hivyo, breki hiyo ni ya kushikilia kiti kilichosimama. Kupunguza mwendo hufanywa na mota zenyewe, ambazo kiti kinapoteremka hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mtumiaji wa pili tunayemtarajia anaishi Lushoto, juu ya milima ya Usambara. Atachaji kiti chake usiku hadi kijae, na asubuhi jambo la kwanza atakalofanya ni kuteremka. Betri iliyojaa haiwezi kupokea umeme zaidi. Bodi ya kulinda betri itakata njia ya chaji, volti zitapanda ndani ya kidhibiti, kidhibiti kitajizima ili kisiungue, na breki za sumaku zitabana ghafla katikati ya mteremko huku kiti kikiwa kwenye mwendo. Mtu asiyefungwa mkanda ataruka.

Nguvu yenyewe si kubwa. Kwenye lami, katika mteremko wa 1 kwa 12 kwa kilomita 6 kwa saa, kilo 130 huzalisha takribani wati 135, na sehemu ya hizo hupotea ndani ya gia kabla ya kufika kwenye waya. Kushuka mita 100 za wima, hata bila hasara yoyote, kunatoa wati-saa 35 tu, kwa hiyo anayetuambia kwamba kiti kitajichaji chenyewe milimani tunamwonyesha hesabu hii. Lakini hata wati 135 zisipokuwa na pa kwenda ni hatari. Tumeweka kikinzani cha omu 4.7 kilichofungwa kwenye bati la alumini chini ya kiti: volti zikipita 29.5, transista, yaani swichi ya kielektroniki, inakiunganisha na kinaweza kumeza wati 185 na kuzigeuza joto. Bati limekingwa kwa wavu, kwa kuwa mtu ambaye miguu yake haina hisia anaweza kuungua bila kujua. Zaidi ya hapo, chaja ya mtumiaji wa milimani itarekebishwa ikome kabla betri haijajaa kabisa.

Kuhusu kupinduka, ekseli ya nyuma iko sentimita 20 nyuma ya kitovu cha uzito, na kitovu hicho kiko sentimita 60 kutoka ardhini. Kiti kilichosimama kitapinduka kinyumenyume kwenye mwinuko wa nyuzi 18 hivi. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya mwinuko tuliouwekea sharti, lakini mota inapoanza kusukuma kwa nguvu kwenye mwinuko huinua mbele, kwa hiyo vigurudumu viwili vidogo vya kuzuia kupinduka vimefungwa nyuma, na kidhibiti kimewekewa kikomo cha jinsi mwendo unavyoweza kuongezeka.

Juni: kijiti na mkono

Kidhibiti tumekinunua kama bodi tupu na kuandika programu yake sisi wenyewe. Ndani ya programu hiyo jambo lililochukua kazi ni tafsiri ya mkono wa mtu. Kijiti cha kuendeshea kikiwa katikati kuna eneo dogo ambalo halifanyi lolote, ili mtetemo wa barabara usisogeze kiti. Kutoka hapo mwendo hauongezeki kwa mstari ulionyooka: nusu ya kwanza ya kijiti hutoa kasi ndogo sana, ya kuzungukia mezani na mlangoni, na nusu ya pili hutoa iliyobaki. Kugeuka kumepunguzwa kadiri kasi inavyoongezeka. Kijairoskopu kidogo hupima kama kiti kinageuka bila kuamriwa, jambo linalotokea barabara inapolalia upande mmoja kuelekea mtaroni, na programu huongeza nguvu upande unaohitajika kabla mtumiaji hajalazimika kupigana na kijiti.

Nyaya mbili tofauti hubeba ishara ya kijiti, moja ikipanda wakati nyingine inashuka, na jumla yake isipokuwa ileile daima, kiti kinasimama. Tahadhari hii haikutokana na woga tu. Miaka ya 1990 nchini Marekani mamlaka za afya zilitoa onyo kuhusu viti vya umeme vilivyosogea vyenyewe kwa sababu ya mawimbi ya redio, na sasa viwango vya kimataifa vya viti mwendo, ISO 7176, vina sehemu nzima inayohusu jambo hilo. Waya wa kijiti chetu umefunikwa kwa wavu wa shaba.

Mama alipokikalia kiti kwa mara ya kwanza akiwa na cherehani mbele yake, hakusema neno kuhusu jairoskopu. Alisogea mpaka mkono wa kiti ukagonga meza, akatazama kijiti kilichochomoza mbele ya kiganja chake, akasema, “Wanangu, kwa hiki kijiti sindano siifikii.” Alikuwa mbali na meza kwa upana wa kiganja. Kijiti sasa kimefungwa kwenye bawaba yenye kitufe cha springi. Kikibonyezwa, mkono wote unaobeba kijiti hukunjika kwenda ubavuni na kulala sambamba na tairi. Waya hupita ndani ya bawaba kwa mzunguko mmoja mlegevu, ili usikatike kwa kukunjwa kila siku. Kijiti kikiwa kimekunjwa, mota hazipokei amri yoyote. Kitu hiki kidogo kimebadilisha matumizi ya kiti kuliko chochote kilichoandikwa hapo juu, na kimetukumbusha kwa nini iBOT, kiti mwendo cha mvumbuzi Dean Kamen, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2003 na ambayo inapanda ngazi na kusimama juu ya magurudumu mawili, tunaistahi kama kazi ya uhandisi bila kuitamani. Meza ya kazi ya mama ina mguu mmoja mbovu na iko kwenye sakafu ya udongo.

Julai: betri, na hali ilivyo sasa

Betri ni seli 8 za litiamu ya fosfati ya chuma zilizofuatana, volti 25.6 na ampea-saa 20, ambazo ni wati-saa 512. Aina hii ina uzito mdogo mno ikilinganishwa na betri ya risasi ya akiba ileile na haiharibiki haraka ikiachwa nusu chaji. Kuijaza kunatumia kama nusu tu ya uniti ya LUKU na kidogo zaidi. Kwa kuhesabu asilimia 80 ya akiba hiyo, lami tambarare inatumia takribani wati-saa 11 kwa kilomita na karatasi inaahidi kilomita 37. Kwenye mchanga mlegevu matumizi yanafika wati-saa 106 na umbali unaanguka chini ya kilomita 4. Kwa hiyo tumeacha kabisa kumpa mtu namba moja ya umbali. Kwenye paneli kuna taa za kuonyesha akiba, na mama ameelekezwa kurudi nyumbani taa ya tatu inapozimika kama njia aliyopita ilikuwa ya mchanga.

Hewa ya bahari imeanza kazi yake: viungio vya shaba vilivyoachwa wazi tangu Machi vimeota kijani. Vyote vimesafishwa, vikachomelewa upya na kupakwa vanishi, na kisanduku cha kidhibiti kimegeuzwa ili matundu ya nyaya yatazame chini.

Kiti sasa kinatumiwa na mama kila siku kati ya nyumbani na kibanda chake, akiwa na namba ya simu ya karakana. Kazi inayoendelea ni mtambo wa kupima uchovu wa fremu kwa mfano wa ISO 7176-8, ambapo kiti chenye sanamu ya uzito wa mtu huzungushwa juu ya magoma mawili yenye vibao vya unene wa milimita 12 kwa mizunguko 200,000, kisha hudondoshwa mara 6,666 kutoka kimo cha sentimita 5. Magoma yetu ni mabomba ya chuma ya kipenyo cha sentimita 25, yatakayozungushwa na mota ya mashine ya kusaga iliyopunguzwa mwendo. Kwa mita 1 kwa sekunde, mizunguko yote itachukua karibu saa 44. Sanamu ni magunia ya mchanga yaliyoshonwa na mama mwenyewe, ambaye ametuomba tuweke mzigo wa kilo 10 wa vitambaa mahali pake, chini ya kiti, kwa kuwa ndipo anapoamini fremu itapasuka kwanza. Mchomeleaji wetu anaamini itakuwa kwenye kiungo cha ekseli ya mbele.